Trekta la mtumba kwa shamba dogo: pima mikono ya nyuma likiwa limepata moto

Wiki mbili zilizopita nilimsindikiza shemeji kununua trekta. Ana ekari 12 upande wa Dumila, Morogoro, na pesa yenyewe ilikuwa ya kuungaunga baada ya kuuza ng'ombe. Tuliangalia matatu, tukarudi na moja. Tangu hapo watu kadhaa wameniuliza tulichaguaje, basi naandika mara moja nisirudierudie.

Hatua ya 1: Anza na kazi, halafu pesa

Kwa plau ya diski tatu, haro nyepesi na trela la kubebea magunia, nguvu farasi 45 hadi 50 zinatosha. Kama unalima mpunga peke yake kwenye majaruba madogo, achana na trekta, nunua pawatila, ile mashine ndogo ya kulimia unayoiongoza kwa mikono.

Mimi kwa shamba la chini ya ekari 20 sizunguki: natafuta Massey Ferguson 135 au 240, yenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Hiyo 135 iliacha kutengenezwa Uingereza miaka ya 1970, lakini spea zake bado zipo hadi kwenye maduka ya mikoani, na ni nadra kukosa fundi aliyewahi kuifungua. Trekta la kisasa lenye bei nzuri ambalo spea yake inasubiriwa mwezi mzima, mimi hapana, hata ukinipunguzia.

Pesa yako igawe mafungu manne. Matatu ndiyo bei ya juu kabisa utakayolipa, moja ni la matengenezo. Usimwambie dalali habari ya hilo fungu la nne.

Hatua ya 2: Fika kabla halijawashwa

Mpigie muuzaji jioni, mwambie asiliwashe. Ukifika, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, omba chai, subiri ipoe, maana injini iliyochoka huwaka vizuri ikiwa imeshapashwa.

Likiwa baridi, fungua mfuniko wa radiata na uchomoe dipstiki. Utando wa mafuta juu ya maji, au oili ya injini yenye rangi ya chai ya maziwa, ni dalili kuwa maji na oili vimekutana ndani. Hapo aga vizuri uondoke. Moshi mweupe kidogo asubuhi usikutishe. Moshi wa bluu usiokata hata injini ikipata moto ni oili inayoungua.

Rangi mpya isikupumbaze. Lile la kwanza tuliloliona liling'aa kama la maonesho ya Nanenane, kumbe wamepaka rangi hadi juu ya oili iliyokuwa inavuja.

Hatua ya 3: Haidroliki

Hapa ndipo nilipoumia mimi. Trekta langu la kwanza, 135, muuzaji aliinua mikono ya nyuma (vyuma vinavyonyanyua plau kwa nguvu ya oili) mara tatu ikiwa mitupu, ikapanda vizuri, nikalipa. Siku ya kwanza shambani, kufika saa nne asubuhi, plau ikagoma kutoka ardhini. Nikifika mwisho wa mstari siwezi kugeuza. Nikizima nikisubiri kidogo inapanda, baada ya mistari miwili inagoma tena. Nilipoteza siku nzima nikilaumu plau, kumbe pampu na ringi za pistoni ya kunyanyulia zilikuwa zimelika. Oili ya baridi ni nzito, inaficha uchakavu. Ikipata moto inakuwa nyepesi na kupenya kila palipolika.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungisha plau yenyewe, si mikono mitupu. Kama muuzaji hana, kodi ya jirani, gharama yake ni ndogo kuliko majuto. Watu wasisimame juu ya mikono wala kuingia chini ya plau. Niliwahi kuona inaanguka ghafla. Lima au endesha trekta kama dakika 40, ndipo uanze kupima. Punguza mafuta mpaka injini iungurume taratibu, kisha inua. Ikipanda bila kusitasita, vizuri. Ikiwa juu na injini inaendelea kuunguruma, iangalie: ikidundadunda kama mtu mwenye kwikwi, kuna mahali inavujisha ndani. Kisha zima injini, uangalie plau inavyoshuka. Kushuka polepole kwa muda mrefu navumilia kwa trekta la umri huo. Kushuka papo hapo sivumilii.

Lakini usikimbilie kulikataa. Kwenye hizi Massey pampu huzungushwa na shafti ya PTO (ile inayopeleka nguvu ya injini nyuma kuzungusha mashine), hivyo wenzo wa PTO ukiwa haujaingia, mikono haipandi kabisa. Na ukikanyaga klachi ya hatua mbili hadi chini, pampu nayo inasimama. Shemeji nusura alikatae trekta zima kwa sababu hiyo. Halafu oili ya haidroliki ndiyo hiyohiyo ya giaboksi, na trekta linalolala nje mvua huingia kupitia mpira wa mkono wa gia uliochanika. Ukiikuta nyeupe, huenda ni maji ya mvua tu. Mwombe muuzaji aimwage, aweke mpya, mrudie kupima. Akikataa, ipunguze bei au ondoka.

Hatua ya 4: Mengine

Gia zote, breki zote mbili, usukani usiwe na mchezo mkubwa. Haya unayajua. Matairi ya nyuma yakiwa na nyufa pembeni, ulizia bei yake mjini *kabla* ya kupatana. Jozi moja inaweza kulila lile fungu la nne lote.

Hatua ya 5: Karatasi

Linganisha namba ya chasi na ya injini na zile za kwenye kadi ya usajili, kwa macho yako, si kwa picha ya WhatsApp. Andikishianeni mkataba mbele ya mashahidi, na umiliki uhamishwe TRA (mamlaka ya mapato) kabla hujamaliza kulipa. Shemeji alibakiza kiasi mpaka kadi ilipotoka kwa jina lake. Muuzaji alinuna siku mbili, ya tatu akapiga simu mwenyewe.