Kabla hujamfungulia kinyonga tundu

Wageni wakimwona Shani, kinyonga wangu, juu ya mpera hapa Mikindani, Mtwara, swali ni lile lile: "Hatoroki?" Kukimbia hawezi, maana mwendo wake mnaujua. Lakini kupotea anapotea, tena mbele ya macho ya mtu aliyekaa hatua tatu kutoka kwake. Kinyonga hana mbio, hana sumu, na meno yake ni madogo. Kinachomlinda ni kutoonekana, na hiyo kinga haijui kwamba wewe siyo adui. Kwa hiyo anayetaka kumtoa kinyonga nje asijisumbue kumzoesha. Aandae mahali, na aandae siku moja kabla, siyo wakati mnyama ameshamng'ang'ania begani.

Kabla ya mti na kivuli kuna karatasi. Kinyonga ni mnyamapori, hata kama umemkuta kwenye mbaazi zako mwenyewe. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukamata wala kuweka mnyamapori bila kibali. Huyu wetu wa kawaida wa pwani, mwenye vikunjo viwili vya ngozi nyuma ya kichwa kama masikio, ambaye wataalamu humwita Chamaeleo dilepis, yumo pia katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe pori baina ya nchi. Basi anza na ofisi ya maliasili ya wilaya au TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania. Na kama ulimwokota tu barabarani, mvushe upande aliokuwa anaelekea, umwache aende zake. Nasema hivyo kwa mapenzi, kwa sababu najua kazi iliyopo.

Sababu ya kumtoa nje ni jua. Ngozi yake inahitaji miale ya urujuanimno ili mwili utengeneze vitamini D3, na bila hiyo vitamini kalsiamu ya chakula haifiki kwenye mifupa. Kinyonga aliyefungiwa ndani miezi mingi miguu humpinda kama mtoto mwenye matege, taya likalegea, mpaka ulimi wake unakosa nguvu ya kurushwa. Kumweka dirishani hakutoshi, maana kioo huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Lazima jua limguse lenyewe.

Lakini jua la Mtwara nalo lina masharti yake. Miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, namtoa saa mbili na nusu asubuhi na kumrudisha kabla ya saa tano. Akitoka tunduni na baridi yake anakuwa mweusi mweusi, anajibana mwili ubavuni mpaka unakuwa bapa kama jani, kisha analigeuzia jua ubavu mmoja. Dakika kama ishirini hivi, weusi unaanza kuyeyuka, kijani kinapanda kutoka tumboni, jicho moja linaanza kuzunguka kutafuta panzi huku jingine likinitazama mimi. Hapo najua ameshapata moto wa kutosha. Wengi wanadhani anabadilika rangi ili afanane na alipokaa. Zaidi anabadilika kwa joto, kwa hofu, na kwa kuzungumza na wenzake. Kwa hiyo jifunze rangi zake kabla hujamtoa, maana ndizo zitakazokwambia hali yake. Akipauka na kuachama mdomo, joto limemzidi. Mtie kivulini mara moja, usingoje. Miezi ya joto, kuanzia Novemba, mimi humtoa mapema zaidi na simwachi juani bila majani ya kujifichia.

Sasa mti. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu wanaangalia mti mzuri ulioko uani, wanampandisha, basi. Mwembe na mkorosho ndiyo miti iliyotuzunguka, na yote miwili ni makao ya maji moto, wale sungusungu wekundu wanaoshona majani yakawa kama kifuko. Wataalamu wa korosho wanawathamini, maana wanawawinda mbu wa mikorosho, wadudu waharibifu wa zao hilo. Kwa kinyonga ni mauti. Hawezi kukimbia wala kujikung'uta, na wakishamwingia machoni na kwenye viungo, huna la kumsaidia. Ukiona hata kifuko kimoja cha majani yaliyoshonwa, huo mti siyo wake.

Mimi nilichofanya ni kupanda mpera kwenye ndoo. Mpera una matawi laini yanayoshikika na hauna utomvu. Ndoo nimeiweka juu ya meza kuukuu, na kila mguu wa meza umesimama ndani ya kopo la maji, vile vile bibi zetu walivyokuwa wakikinga kabati la sukari. Sungusungu hawavuki. Ila ukague: jani moja likigusa ukuta au kamba ya kuanikia nguo, makopo yako yamekuwa pambo tu. Juu ya mpera natundika chupa ya maji iliyotobolewa kwa sindano, idondoke tone moja moja kwenye majani, kwa sababu kinyonga hanywi kwenye bakuli. Anaramba umande na matone. Kuhusu kiu, tazama kinyesi chake: kile kipande kama chaki kikiwa cheupe, yuko sawa. Kikiwa rangi ya chungwa, na macho yameingia ndani, hajanywa vya kutosha, na siku hiyo asitoke juani kabisa.

Jambo la salfa naomba lisomwe na kila anayekaa Mtwara na Lindi. Ikifika msimu wa kupuliza mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, hewa ya vijiji vyetu inabadilika. Unga ule wa manjano unakwenda na upepo wa kusi mbali kuliko shamba lenyewe, unatua kwenye majani, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye mgongo wa kinyonga. Unawasha macho ya mtu mzima, sembuse macho yanayotokeza nje kama yake. Na mbali ya salfa kuna dawa za kuua wadudu, ambazo hatari yake imejificha zaidi: panzi aliyepuliziwa hafi papo hapo, anarukaruka bado, na ndiye mwepesi kunaswa kwa sababu ameshalegea. Kabla ya kumtoa, waulize wenye mashamba jirani siku zao za kupuliza. Siku hiyo na zinazofuata abaki ndani, na majani ya mpera yaoshwe kwa maji mengi kabla hajapanda tena. Kwa sababu hiyo hiyo mende wa chooni waliopigwa dawa siyo chakula chake. Wala usimpe kimulimuli, maana ana sumu inayoweza kuua wanyama wa jamii ya mijusi.

Kama uzio wenu ni wa minyaa, meza iwekwe mbali nao. Utomvu wake mweupe ukimwingia jichoni unaweza kumpofusha, na kinyonga asiyeona hawezi kuwinda.

Maadui wengine unawajua: paka, kunguru, na kuku, ambao watu huwasahau. Kuku anamdonoa kinyonga mdogo kama anavyodonoa mjusi. Wafungie mpaka umalize.

Wapo wanaomwachia ndani ya nyumba badala ya nje. Sipendi sana, lakini kama ndivyo, zima feni ya darini kwanza, kwa sababu kinyonga hupenda kupanda juu kabisa, na pazia ndiyo ngazi yake. Jiko la mkaa litoke nje hata kama limeshapoa juu, ndani ya majivu huwa kuna kaa. Ndoo za maji zifunikwe. Chandarua kifungwe juu, kucha zake zikinasa kwenye matundu atavuta mpaka zing'oke. Na milango: mmoja asimame kuwaambia wanaoingia, maana kinyonga hupenda kukaa juu ya mlango ulio wazi, na anayekuja kuufunga hana habari.

Majirani waambie mapema. Watu wetu wengi wanamwogopa kinyonga, wapo wanaoamini ana sumu, wapo wanaoona ni mkosi kukutana naye, na jiwe huwa liko karibu. Mimi nilikwenda kwa bibi wa nyumba ya pili kabla Shani hajatoka hata siku moja.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kukwambia, kuna kinyonga namtunza, nitakuwa namweka juani asubuhi."

"Marahaba. Mwanangu, mdudu wako huyo asije akapanda kwenye khanga zangu."

"Hatapanda bibi, nitakuwa naye pale pale. Ila ukimwona kwako, usimpige. Niite."

Akakubali. Na watoto wake wajukuu walipokuja kutazama, niliwaonyesha namna ya kumchukua: humwekei mkono kutoka juu, maana kwake kitu kitokacho juu ni ndege, unamwekea kijiti au kiganja mbele ya kifua, apande mwenyewe. Asivutwe mkia. Mkia wa mjusi ukikatika huota mwingine, wa kinyonga hauoti. Kisha kila aliyemshika anawe mikono kwa sabuni, kwa sababu wanyama hawa wanaweza kubeba vijidudu vya salmonela bila wao kuumwa. Watoto walio chini ya miaka mitano wamtazame tu.

Ukiwa na jike, andaa jambo la ziada: ndoo ya mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita 25 hivi. Jike hutaga mayai ardhini, 20 na zaidi kwa mkupuo, hata ambaye hajakaa na dume anaweza kutaga yasiyo na mbegu. Akianza kuhangaika, anakataa chakula, anashuka chini kila ukimpandisha, anataka kuchimba. Kumrudisha juu kwa nguvu ni kumwangamiza, maana mayai yakimkwamia ndani anakufa. Siku za dalili hizo hatoki nje; anakaa na ndoo yake, pafunikwe, pawe kimya.

Na jiandae kwa siku ya kumpoteza. Mimi ilinikuta mwezi wa saba mwaka jana. Simu iliita ndani, nikaenda kuichukua, nikasema ni dakika moja. Niliporudi mpera ulikuwa mtupu. Kosa langu la pili lilikuwa kukimbia huku na huku, ningeweza kumkanyaga. La kufanya ni kusimama ulipo, kutazama miguuni kwanza, kisha kuzuia watu na kuku wasipite. Nilitafuta mpaka maghrib, kila jani, sikumwona. Ndipo nikakumbuka kwamba kinyonga akilala rangi yake hupauka, na mwanga wa tochi unamfichua. Baada ya isha nikachukua tochi, nikaanza na ncha za matawi, maana hulala nchani, ambapo nyoka akikaribia tawi linatikisika na kumwamsha. Mpera, hakuna. Mlimau, hakuna. Bibi akaniitia ng'ambo ya ua, "Njoo utazame huku kwenye mbaazi." Alikuwa nchani kabisa, mweupe wa kijani kama ganda changa la mbaazi, macho yamefumbwa, mkia umekunjwa mviringo. Bibi alikuwa ameishika taa na hakuthubutu kumgusa, lakini aliniambia kwa sauti ya chini, "Usimshtue, mwenzio kalala."

Tangu hapo simu inabaki ndani hata ikiita, na kijiti cha kumrudishia kinakaa mezani tangu asubuhi.