Michezo na burudani katika mji mdogo wa Uingereza: pa kuanzia ukiwa mgeni

Nilihamia Much Wenlock, mji wa Shropshire wenye watu kama elfu tatu, mwezi wa Novemba. Wiki ya kwanza nilikuwa nikitoka zamu kwenye nyumba ya wazee saa kumi na moja jioni nakuta giza tororo, mvua ya rasharasha na barabara tupu kabisa. Nikampigia dada yangu nikamwambia huku watu hawana maisha, ni kazi na kulala. Ilinichukua karibu mwaka mzima kujua kosa langu: nilikuwa natafuta kwenye simu. Mji wa namna hii hauweki michezo yake kwenye simu. Unaibandika ukutani kwa karatasi na pini.

Kwa hiyo anza na ubao

Tembea mji mzima siku moja ya mapumziko, haitakuchukua saa nzima. Angalia dirisha la maktaba, mlango wa ukumbi wa kanisa, ukuta wa posta, na ule ubao wa kioo wa halmashauri ambao kila mtu anaupita. Piga picha kila karatasi, kisha kaa nyumbani na chai yako usome.

Kuna lugha yake. Karatasi ikisema "beginners welcome", iamini; haijaandikwa kwa adabu tu, wanatafuta watu kweli. "Subs" ni ile pesa kidogo inayotolewa kila unapohudhuria, mara nyingi sarafu kwenye kopo la biskuti mlangoni. "Taster session" ni siku ya kuonja, kwa kawaida bure au karibu na bure. Tazama tarehe pia, maana karatasi iliyogeuka njano inaweza kuwa ya miaka mitatu nyuma, na kikundi chenyewe kimeshakufa.

Chini utakuta namba ya simu ya nyumbani. Piga. Najua sisi tunapenda kutuma ujumbe, lakini anayepokea ni mstaafu anayekaa karibu na simu, naye atafurahi. Usipige tu kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, wanakula.

Saa zote ninazotaja ni za Kiswahili. Nakumbusha kwa sababu mdogo wangu alikuja kunitembelea nikamwambia mbio ni saa tatu, naye miaka ya Ulaya imeshamgeuza kichwa. Akalala hadi saa tano mchana akijua ana muda mpaka alasiri.

Kituo cha michezo, na mkataba ulioninyonya

Katika miji mingi midogo kituo cha michezo kipo pamoja na shule ya sekondari. Kwetu ndivyo ilivyo, kiko kwenye eneo la shule ya William Brookes. Maana yake ni kwamba wanafunzi wana haki yao mchana, na wewe unapata asubuhi mapema, jioni na wikiendi. Chukua ratiba ya karatasi mapokezini uibandike kwenye friji. Ratiba ya likizo za shule ni nyingine kabisa, usije ukasimama mlangoni na taulo kwapani kama nilivyofanya Pasaka.

Kabla ya kusaini chochote, lipa kwa kila unapoingia, angalau miezi miwili. Mimi sikufanya hivyo. Januari, katika mji wa jirani, nilisaini uanachama wa gym wa miezi kumi na mbili kwa sababu ya punguzo. Februari zamu zangu zikageuzwa kuwa za usiku. Nilienda mara sita tu, na benki ikaendelea kukatwa kila mwezi. Nikadhani ukisimamisha makato benki mambo yameisha; kumbe kusimamisha makato hakuvunji mkataba, deni linabaki palepale na barua zinakuja. Uliza mambo mawili tu: mkataba unanifunga kwa muda gani, na nikitaka kutoka natoa taarifa ya siku ngapi. Akianza kukuzungushia maneno, chukua taulo lako uondoke.

Kwenye bwawa, mtoto wa chini ya miaka minane huwa lazima awe na mtu mzima pamoja naye majini, si kwenye kiti pembeni. Zile njia zilizogawanywa kwa kamba zina kibao cha mwendo, wa polepole, wa kati na wa haraka, na mshale wa kuonyesha upande wa kuzungukia. Usione aibu kuingia ya polepole. Cha aibu ni kusimama katikati ya ukuta ukipumua huku wenzako hawana pa kugeukia. Jibanze kwenye kona. Kama una presha au sukari, mwulize daktari wako: sehemu nyingi wana mpango wa kukuandikia mazoezi kama wanavyoandika dawa, na kituo kinakupunguzia bei.

Mchezo wa matufe

Hapa ndipo nilipopatia mji. Karatasi iliandika "Bowls", nikadhani ni yale ya kuangusha vibao ndani ya jumba lenye muziki. Nilipofika, jioni moja ya Mei, saa kumi na mbili na jua bado limesimama, nikakuta uwanja wa mraba wa majani yaliyonyolewa kama zulia, na wazee wapatao kumi na watano wamevaa kofia. Nina miaka arobaini na miwili, wakaniita kijana.

Swali la kwanza waliloniuliza ni viatu. Lazima viwe na soli bapa, visiyachimbe majani. Vyangu vya kazini vilifaa. Matufe wanakuazima, usinunue kitu mwaka wa kwanza.

Babu mmoja akanipa tufe jeusi, zito kupita kilo moja, linajaa kiganja na kumwagika. Shabaha ni tufe dogo lililotangulia kuviringishwa mbali. Nikapinda goti, nikalilenga, nikaliachia. Likaenda limenyooka kama mtu anayejua anakokwenda, hadi nusu ya safari. Kisha lilipoanza kuchoka likapinda kushoto, likapinda tena, likaishia mtaroni. Nikadhani mkono wangu una kasoro. Babu akacheka, akanigeuzia tufe na kunionyesha alama ndogo ubavuni: halikuundwa sawa pande zote, upande mmoja unalivuta. Kadiri linavyopungua mwendo ndivyo linavyozidi kupinda. Na juu ya hilo, huku Shropshire wanacheza aina ambayo uwanja wenyewe umeinuka katikati kama mgongo wa kobe, kwa hiyo tufe linavutwa na umbo lake na mteremko kwa pamoja. Akaniambia niache kabisa kutazama lile dogo, nitazame jani moja pembeni ambapo tufe litageuka.

La tatu lilikaa hatua mbili kutoka kwenye shabaha. Nilipiga kigelegele. Uwanja mzima ukanigeukia, kimya, halafu mama mmoja akapiga makofi.

Kanuni zake si nyingi. Kila mchezaji ana matufe mawili, aliye karibu zaidi na lile dogo anapata pointi, wa kwanza kufika 21 ameshinda. Msimu unaanza Aprili na kumalizika Septemba. Katikati kuna chai, na hapo ndipo uanachama wako unapoamuliwa. Ukinywa ukaondoka, utabaki mgeni. Ukinywa ukaosha vikombe, wiki ijayo wanalijua jina lako.

Neno moja kuhusu ukaribisho. Mwingereza akikuambia "njoo siku moja tukunywe kahawa", huo ni upepo mzuri tu, usifunge safari. Akikuambia "Alhamisi, saa moja jioni, nitakupitia", huyo amekualika na atakuwa mlangoni dakika tano kabla.

Uwanja wenye historia kuliko ukubwa wake

Ukiwa mjini kwetu lazima ufike Linden Field. Ukiuona ni kiwanja tu cha majani chenye safu ya miti. Lakini daktari wa mji, William Penny Brookes, alianzisha hapa Wenlock michezo ya Olimpiki yake mwaka 1850, miaka 46 kabla ya ile ya Athens iliyoanzisha Olimpiki za kisasa. Alitaka vibarua na wakulima wawe na cha kufanya zaidi ya kukaa kilabuni. Palikuwa na riadha na kriketi, na pia mbio za akina bibi, mshindi anapewa ratili ya majani ya chai. Mwaka 1890 Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyeasisi Olimpiki za kisasa, alikuja kuiona michezo hiyo kwa macho yake, akapanda mwaloni. Brookes alifariki Desemba 1895, miezi minne kabla ya Athens. Na ni kwa heshima ya michezo yake kwamba mmoja wa vikaragosi wa Olimpiki ya London 2012 aliitwa Wenlock.

Kwa mgeni, faida yake ni hii: michezo ile ipo hadi leo, kila Julai, na inahitaji watu wa kushika kamba, kupima, kugawa maji na kubeba viti. Si lazima ukimbie. Katika kila mji mdogo kuna siku yake ya namna hii, ya maonyesho, ya kilimo au ya mbio. Ulizia mapema ujiandikishe kusaidia.

Mbio za Jumamosi zinaitwa parkrun: kilomita 5, bure, saa tatu asubuhi kote England. Zilianza mwaka 2004 katika bustani ya Bushy, London, na wakimbiaji 13. Unajisajili mara moja, unachapisha msimbo wako na kwenda nao. Kutembea kunaruhusiwa, na nyuma kabisa kuna mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kuwa wa mwisho, kwa hiyo huwezi kuwa wa mwisho hata ukitaka. Watoto wa miaka 4 hadi 14 wana yao ya kilomita 2 Jumapili. Zilizo karibu nasi ziko Telford na Shrewsbury, na hapo ndipo penye shida: treni ya abiria ilitoka mjini kwetu mwaka 1962. Mimi huomba lifti kwa mwenzangu wa kazini na kumlipa kwa maandazi.

Kutembea na kuvua

Kutembea ni bure kila siku, ila jifunze alama. Mshale wa njano ni njia ya waenda kwa miguu tu. Wa bluu unaruhusu pia farasi na baiskeli. Njia hizi zinapita katikati ya mashamba ya watu, na ni haki yako kupita, hata mwenye shamba akikukazia macho. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ng'ombe wenye ndama, wazungukie mbali. Nunua ramani ya Ordnance Survey ya 1:25,000. Sentimita 4 ni kilomita moja, na njia zimechorwa kwa vistari vya kijani. Betri ya simu huisha palepale ukungu unaposhuka.

Juu yetu kuna ukingo mrefu wa mawe ya chokaa, Wenlock Edge. Mimi mtoto wa pwani nilisimama nikashangaa: ndani ya mawe kuna matumbawe. Ni kweli, mawe hayo yalikuwa chini ya bahari ya joto zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Nilipiga picha nikamtumia mama, akaniuliza nimerudi lini.

Kuvua usijaribu kienyeji. Yeyote mwenye miaka 13 na zaidi anahitaji leseni ya serikali. Ya wenye miaka 13 hadi 16 ni bure, lakini lazima waichukue. Leseni haikupi ukingo wa mto, ukingo una mwenyewe, kwa hiyo nunua pia kibali cha siku cha klabu husika. Na kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, mito hufungwa kwa samaki wa kawaida wa maji baridi ili wazae.

Watoto, kwa ufupi: skauti wa miaka 8 hadi 10 na nusu wana foleni ndefu, andikisha jina wiki unayohamia. Foleni haisababishwi na uhaba wa ukumbi, ni uhaba wa watu wazima. Ukijitolea saa moja kwa wiki, kwanza watakukagua rekodi yako ya polisi, na mkaguo huo kwa wanaojitolea haulipiwi.

Kama unasoma haya Novemba

Usingoje Aprili. Matufe yanaingia ndani majira ya baridi. Ulizia "short mat" kwenye kumbi za kanisa na za vijiji: wanatandika zulia la kijani la upana wa futi 6 na urefu wa futi 45, na katikati wanaweka kipande cha mbao ili usiweze kupita moja kwa moja, lazima upindishe. Nenda na viatu bapa na sarafu mbili tatu za chai. Saa nne usiku zulia linakunjwa, nalo ni zito, linahitaji watu wanne na mara nyingi wapo watatu.