Kufuatilia leseni ya programu huria toleo kwa toleo

Kabla hujamkabidhi mwenye duka wa Birere, mtaa wa Goma, mfumo wa stoki unaotumia programu huria, hakikisha leseni ya toleo lile lile ulilosakinisha. Ukurasa wa mradi unaonyesha leseni ya leo tu. Ya zamani iko ndani ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo. Tuchukue Redis, programu ya kuhifadhi data, ambayo imebadilisha masharti mara mbili.

Mjini Goma mega za intaneti zinanunuliwa, kwa hiyo usivute kila kitu:

git clone --filter=blob:none --no-checkout https://github.com/redis/redis
cd redis

Utapata mabadiliko yote na majina ya mafaili, bila yaliyomo. Usiweke --depth 1: italeta badiliko la mwisho peke yake, na historia unayoitafuta haitakuwepo. Kisha orodhesha mabadiliko yaliyogusa mafaili ya leseni:

git log --full-history --date=short --format='%h %ad %s' -- 'COPYING*' 'LICENSE*'

Majina yote mawili ni ya lazima. Leseni ya Redis ilikaa katika COPYING hadi Machi 2024, ilipokuja LICENSE.txt. Ukitafuta LICENSE tu, miaka yote ya BSD, leseni ya mwanzo yenye masharti machache, inakupotea. Chaguo la --follow halisaidii hapa, maana linakubali faili moja tu.

Chukua namba ya badiliko la leseni (herufi na tarakimu zinazoanza mstari wake), iweke mahali pa NAMBA, kisha uliza limeingia katika matoleo gani:

git tag --contains NAMBA

Hapa wengi wanateleza kwa kufuata tarehe. Toleo 7.2.5 lilitoka Mei 2024, baada ya badiliko, na bado ni BSD, kwa sababu tawi la 7.2, yaani mkondo wake wa matoleo, halikuguswa. RSALv2 na SSPLv1, leseni zenye vizuizi zaidi, zilianza na 7.4; toleo 8.0, la Mei 2025, likaongeza AGPLv3, leseni huria. Soma maandishi yenyewe, ukiwa na mtandao:

git show 7.2.5:COPYING
git show 7.4.0:LICENSE.txt

Epuka git log -S, inayotafuta maneno ndani ya mafaili, katika nakala hii nyepesi. Kila faili linalokaguliwa linafuatwa mtandaoni, na mega zinaisha kabla ya jibu.

Usisahau folda ya deps. Lua, jemalloc na hiredis, programu za wengine ambazo Redis inazitegemea, zimo humo, kila moja na leseni yake:

git ls-tree -r --name-only 7.2.5 deps | grep -iE 'licen|copy'

Maandishi ya leseni hizo yaweke kwenye folda ya mteja pamoja na namba ya toleo. BSD inadai ilani ya hakimiliki ifuatane na programu, hata ukiitoa bila msimbo wake.