Ufadhili wa chuo kwa sababu ya urefu wako

Unatafuta pesa za chuo Marekani? Usikomee kwenye ufadhili wa wenye alama za juu, huko kila mtu yuko. Anza na mambo yako mwenyewe: kimo, chakula, ufundi wa mikono, hata jina la ukoo. Tall Clubs International hufadhili wanafunzi warefu, wasichana kuanzia futi 5 na inchi 10, wavulana futi 6 na inchi 2. Vegetarian Resource Group huwatuza wanafunzi wa sekondari wanaohamasisha wenzao kuacha nyama. Kiboko ni shindano la Stuck at Prom: unajitengenezea gauni au suti ya sherehe kwa utepe mpana wa gundi, ule uitwao duct tape. Si mzaha, washindi hupewa pesa za masomo kweli.

Ila kabla hujashangilia, iulize ofisi ya misaada ya fedha chuoni. Baadhi ya vyuo ukileta pesa za nje hukata msaada wao wenyewe. Omba wapunguze mkopo kwanza, si ruzuku. Na yeyote anayedai ada ya kupokea maombi, mpite.