Volkano italipuka lini? Namna ya kupima uwezekano na hatari ukiwa Kisoro ama popote Uganda

Kila tetemeko likipita huku Kisoro simu zinaanza kulia, watu wanaulizana Muhabura, mlima wa volkano wa hapa kwetu, inaamka ama ni Nyiragongo ya kule Goma, Congo, alafu voice note zinazunguka WhatsApp mpaka asubuhi. Jamani, haya mambo unaweza kuyapima mwenyewe kwa kalamu na simu yako, ila kwanza tenganisha maswali mawili: mlima una uwezekano gani wa kulipuka, na ukilipuka wewe binafsi utapatwa na nini. Watu wengi wanayachanganya, ndio maana wanaogopa mlima usiowafikia na wanasahau ule unaoweza kuwafilisi.

Anza na historia. Chukua Nyiragongo, manake tarehe zake zinajulikana: lava ilishuka mlimani Januari 1977, Januari 2002 na Mei 2021. Kati ya hizo kuna miaka 25, alafu 19, wastani 22. Gawa 1 kwa 22 unapata kama asilimia 4.5 kwa mwaka. Unataka ya miaka kumi? Usizidishe tu mara kumi, fanya hivi: uwezekano wa mwaka kupita salama ni 0.955 (1 toa 0.045, yaani ile asilimia 4.5), uzidishe wenyewe kwa wenyewe mara kumi kwenye kalkuleta ya simu, inatoka kama 0.63, kwa hiyo uwezekano wa kulipuka angalau mara moja ndani ya miaka kumi ni karibu asilimia 37. Hiyo sio ndogo hata kidogo kwa mtu anayejenga Goma. Lakini tarehe tatu ni chache sana, kwa hiyo chukua hiyo namba kama makadirio tu, na mtu asikuambie eti itakuwa 2043, mlima haufuati kalenda.

Kwa Muhabura hesabu hiyo haikubali, kwa sababu hakuna mlipuko wake ulioandikwa na watu. Je, ndio tuseme uwezekano ni sifuri? Hapana. Ni mdogo sana kwa mwaka, ila angalia kilichotokea 1957: Bisoke, mlima wa mpakani mwa Rwanda na Congo ambao watu waliuona umelala, ulitoa moto kilomita kama 11 kaskazini ya kilele chake, chini kwenye tambarare upande wa Congo. Kwa hiyo unapopima usitazame kilele peke yake, pima na uwanda wote unaozunguka. Fort Portal nayo ina vile vishimo vyenye maziwa ndani, vilivyo vizuri kwa picha, na moto wake wa mwisho ni wa kama miaka 4,000 iliyopita, na kwa volkano, muda huo ni kama juzi tu.

Alafu fuata dalili: matetemeko madogo mengi sehemu moja, ardhi kuvimba (inaonekana kwa GPS na satelaiti), gesi kuongezeka. Wanaopima Nyiragongo ni kituo cha Goma, OVG, na huku kwetu kuna idara ya jiolojia na madini kule Entebbe. Hao ndio wa kusikilizwa. Ila 2021 dalili za wazi zilikuja chini ya saa moja kabla ya lava kutoka, kwa hiyo mpango wako usitegemee onyo peke yake.

Sasa hatari yako. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi sana, 1977 ilishuka kwa spidi ya mpaka kilomita 60 kwa saa pale juu mlimani, na 2002 ikapita katikati ya Goma mpaka ziwa Kivu. Kisoro iko zaidi ya kilomita 50 kutoka pale na kuna milima katikati, lava hiyo haifiki. Kinachoweza kufika ni majivu upepo ukigeukia huku, na pesa. Mfano mama anayekaa Kisoro mjini na ana stoo ya mzigo Goma: nyumba yake, weka hatari ya chini, lakini ile stoo weka ya juu kabisa, manake uwezekano ni uleule ila hasara ni tofauti kabisa. Huyo mama asiweke mtaji wote pale, na awe na mtu wa kupigia simu Bunagana, pale mpakani na Congo, kujua kama barabara inapita. Kama ana watoto wanalala huko Goma, awaambie pia kuhusu mazuku, ile gesi ya kaboni dayoksaidi inayotuama mabondeni bila harufu, mbuzi wanaanguka kabla mtu hajashtuka, kwa hiyo wasilale sehemu za chini chini.

Na nyumbani kitu kimoja cha kufanya majivu yakianza kudondoka: toa bomba la gata kwenye tangi kabla mvua haijanyesha, funika tangi, alafu fagia mabati ukiwa na barakoa na miwani, usirudishe bomba mpaka mvua ioshe paa vizuri.