Tangi kubwa la samaki wa dhahabu: anzia sakafuni

Ndugu wa Goma mnaotaka kuwahamishia samaki wa dhahabu kwenye tangi la lita 200, angalieni kwanza sakafu. Maji hayo pekee ni kilo 200, yaani bidoni kumi za lita 20, bado kioo na mawe. Kwenye nyumba ya mbao msiliweke katikati ya chumba; liwekeni ukutani, juu ya meza imara iliyonyooka. Likiinama kidogo tu, kioo kinaweza kupasuka.

Mawe yetu ya volkeno yamejaa kila kona ya mji, lakini msiyatandaze ndani ya tangi, kwenye kitako chake. Samaki hawa huchota changarawe mdomoni, huichuja na kuitema siku nzima, na ncha zile zitawakata. Yaosheni vizuri myatie ndani ya chujio: vitundu vyake ni makao mazuri ya bakteria wanaosafisha mkojo wa samaki.

Bakteria hao ndio kazi yenyewe. Huchukua wiki 4 hadi 6 kukomaa, kwa hiyo chukueni sponji chafu ya tangi la zamani muitie kwenye chujio jipya, bila kuiosha kwa maji ya bomba, maana klorini itawaua. Maji yenye klorini yaacheni saa 24 kwenye beseni wazi.

Umeme ukikatika, punguzeni chakula na muwe na pampu ndogo ya hewa ya betri.