Kufufua wembe wa zamani wa kukunja

Wembe wa kukunja ukiuokota kati ya vyuma chakavu vya Birere, mtaa wa biashara wa Goma, au ukiurithi kwa babu, usianze na kutu. Anza na makali. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uukaushe, kisha utazame ukingo wake chini ya taa kwa lenzi ya kukuzia. Kutu nyekundu ya juujuu inatoka. Kinachoua wembe ni vitundu vyeusi vilivyochimba chuma palepale kwenye ukingo, maana kila ukinoa unamegeka hapo. Ukiona ufa, hata mfupi, uache. Pengo lisilofika milimita moja linanoleka, ila litakula saa nyingi. Muhuri wa Solingen, Sheffield au Thiers, miji ya Ulaya inayosifika kwa visu na nyembe, ni dalili njema ya chuma, lakini hauponyi ufa.

Nusa pia mpini. Ukinuka kafuri, huenda ni seluloidi, na seluloidi inayooza hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma kilichofungwa ndani yake. Hapo badilisha mpini. Usiuweke karibu na mbabula: seluloidi inashika moto upesi sana. Mpini wa pembe ya ng'ombe ni mwema, unataka mafuta kidogo tu.

Kutu iondoe kwa mkono. Laza ubapa juu ya kipande cha mbao, tia tone la mafuta ya cherehani, sugua kwa msasa namba 400, kisha 600, 1000 na 2000, ukitoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe usitoke makali kurudi mgongoni, maana ni vidole vyako vitakavyokatika. Madoa ya kijivu yaliyobaki yaache. Ubapa ung'ae using'ae, ndevu hazijui.

Usimpelekee fundi wa jiwe la umeme. Ukingo ni mwembamba mno, unapata moto kwa sekunde chache. Ukiona rangi ya bluu, joto limekaribia nyuzi 300 na ugumu wa chuma umekwisha. Hakuna kinoo kitakachourudisha. Na lile jiwe la lava lililojaa Goma nzima, ambalo wengine hunolea panga, lina matundu na chembe za kila ukubwa. Kwa wembe halifai kabisa.

Utahitaji vinoo vya maji vya namba 1000, 4000, 8000 na, ukiweza, 12000. Kwanza visawazishe: bandika msasa wa 400 uliolowa juu ya kioo, chora kinoo kwa penseli, usugue mpaka mistari yote ifutike. Kinoo chenye bonde hakigusi makali yote sawasawa. Suuza kila mara, kwani punje moja ya vumbi jeusi la barabarani inatosha kuchana ukingo wote.

Kunoa wembe si kama kisu: hutafuti pembe, mgongo umekwisha kukupa. Mgongo na makali viguse kinoo pamoja, muda wote. Ukiinua mgongo, umeharibu. Bandika skochi ya umeme, tabaka moja, juu ya mgongo ili usiliwe, ibadilishe ikichakaa. Sukuma makali yakitangulia, kwa mshazari, ili urefu wote upite juu ya jiwe. Mwishoni geuza wembe kwa kuuviringisha juu ya mgongo. Uzito wa wembe unatosha, usibonyeze.

Kwenye 1000 kaa mpaka unywele wa mkono ukatike kwa kila sehemu ya makali, toka kisigino hadi ncha. Hapa ndipo wengi wanaharakisha, kisha wanailaumu 8000. Kama sehemu moja haikati, vinoo vya mbele havitaisaidia. Baadaye piga kama mara 40 kwenda na kurudi kwenye 4000, 50 kwenye 8000, 30 kwenye 12000.

Toa skochi, panguza, halafu ufute kwenye mkanda wa ngozi uliokazwa: mgongo ukitangulia, mara 50. Mkanda ukilegea, makali yanaviringika.

Unyoe ukiwa na povu nzito, ngozi imevutwa, wembe ukiwa kwenye nyuzi kama 30. Wembe ukivuta ndevu badala ya kukata, rudi 8000 na mkanda, si 1000. Wembe huu uwe wa mtu mmoja: virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7. Ubapa ufute kwa alkoholi ya asilimia 70. Jik inakula chuma, na alkoholi isiguse mpini wa seluloidi.

Kila baada ya kunyoa, kausha hata pale pini inapopita, kisha pakaza mafuta ya cherehani. Mawese usipake: yanaganda na kunasa uchafu, na kutu inaanzia hapo chini.